Sukari ya Asubuhi Inatoka Wapi?

Hotuba kwa wakazi wa Kaloleni na mitaa ya jirani, Nairobi, katika kuadhimisha Siku ya Kisukari Duniani

Mwenyekiti wetu, wazee, akina mama wa vyama mliofunga vibanda mapema ili mfike, na nyinyi vijana wa bodaboda mliojazana pale mlangoni, hamjambo.

Nimepewa nusu saa, na nusu saa ya Nairobi tunaijua. Kwa hivyo naingia moja kwa moja kwenye swali ninaloulizwa karibu kila siku ya kliniki ya sukari. Mama anakaa kitini, muuguzi anamchoma kidole, tone la damu linanyonywa na kijiti, mashine inahesabu sekunde zake, halafu inaandika 11.2. Mama anaikodolea macho. "Daktari, jana nililala bila kula. Maji tu. Hii sukari imetoka wapi?" Nyuma yake amesimama binti yake, anacheka kidogo, ananiambia, "Muulize vizuri. Usiku huyu huamka akala chapati."

Wapo wanaoamka wakala chapati, siwezi kukataa. Lakini mara nyingi mama anasema kweli na binti anamwonea bure. Sukari ile imetoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Ini lake limeitengeneza na kuimwaga kwenye damu yeye akiwa usingizini. Leo nataka tulifahamu hilo ini, na tuzifahamu homoni zinazolituma kazi na zinazolizuia. Lawama nyingi tunazotupiana majumbani kuhusu sukari na unene zinatokana na kutojua kwamba kuna kazi inayoendelea mwilini bila ruhusa yetu.

Nimekuja na kijiko. Hiki hapa, kijiko kidogo cha chai, nimekiazima kwa akina mama wanaotupikia. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Akiwa na afya njema, kabla ya kustaftahi mashine itasoma kati ya 3.9 na 5.5, yaani milimoli za sukari kwa lita ya damu. Ukipiga hesabu, sukari yote inayozunguka katika damu yake kutoka utosini hadi nyayoni ni gramu 4 au 5. Kijiko hiki kimoja, basi. Sasa kikombe cha chai cha vijiko vitatu kina mara tatu ya hiyo. Soda ya chupa ndogo ina kama gramu 30. Ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga, ukishasagwa na matumbo, unatoa gramu zaidi ya 70. Yote hayo yanapita katika damu iliyozoea kubeba kijiko kimoja, na bado mtu mwenye afya ukimpima baada ya saa mbili tangu ale, mashine haifiki hata 8.

Tugeuze upande wa pili. Ubongo unatumia kama gramu 120 za sukari kwa siku, na haujali kama umelala au unatazama mpira. Yaani ubongo peke yake ungekimaliza kijiko hiki kwa muda usiotimia saa moja. Kama sukari ingetoka kwenye chakula tu, hakuna mtu humu ndani ambaye angelala saa nne usiku akaamka kesho yake. Ni ini ndilo linalojaza kijiko usiku kucha. Ni kazi njema kabisa. Shida ni pale linapojaza bila kiasi.

Anayelipangia kiasi ni kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari wa Kijerumani, Paul Langerhans, alilichunguza kwa hadubini akaona vikundi vidogo vya seli vilivyotapakaa ndani yake, asijue vina kazi gani. Miaka 20 baadaye, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akaanza kukojoa mkojo wenye sukari. Hapo ndipo watu walipoanza kushtuka. Leo tunajua vile vikundi vina seli za aina kadhaa, na mbili ndizo zinazotuhusu. Za beta zinatoa insulini, za alfa zinatoa glukagoni. Insulini inashusha sukari, glukagoni inaipandisha, na hazikai mbali: seli zake ni majirani kabisa.

Tuseme umekula chakula cha usiku saa mbili: ugali, sukuma wiki, kipande cha nyama. Kabla sukari haijapanda sana kwenye damu, matumbo yanatangulia kutoa homoni zake, mojawapo inaitwa GLP-1, kuliarifu kongosho kwamba chakula kimefika. Ndiyo maana ukinywa sukari, kongosho linatoa insulini nyingi kuliko ukitiwa kiasi hichohicho kwa dripu. Jambo hili dogo liwekeni akilini, tutalihitaji tukifika kwenye sindano mpya za kupunguza uzito ambazo najua mna hamu ya kuzisikia.

Insulini ikishatoka inafanya kazi kwenye misuli, kwenye ini na kwenye mafuta. Wengi wenu mmefundishwa kwamba insulini ni ufunguo unaofungua seli ili sukari iingie. Mfano huo uko kwenye mabango ya kliniki nyingi, na hata mimi niliufundishwa hivyo. Kwa misuli unafaa. Lakini umetupotosha kwa mambo mawili. Ubongo hauhitaji ufunguo huo kuchukua sukari yake. Na kwenye ini, insulini haifungui kitu. Inalikataza. Inaliambia liache kutengeneza sukari, liiweke akiba ile iliyoletwa na chakula. Ukibaki na picha ya ufunguo peke yake, hutaelewa kamwe kwa nini mama yetu ana 11.2 bila kula, maana hakukuwa na sukari iliyobisha hodi. Kilichokosekana ni ile sauti ya kulikataza ini.

Usiku unavyosonga, insulini inapungua na glukagoni inaongezeka. Ini linaanza kuvunja akiba yake, glaikojeni, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 100 tu. Akiba ikipungua, linatengeneza sukari mpya kwa malighafi nyingine: vipande vya protini, asidi ya laktiki kutoka kwenye misuli na chembe za damu, na gliseroli inayotoka kwenye mafuta. Kisha alfajiri, wakati mwadhini wa Pumwani anajiandaa na matatu za kwanza zinapiga honi Jogoo Road, mwili unaongeza kotisoli, na tayari homoni ya ukuaji ilikwisha kutoka usingizini. Zote mbili zinaliunga mkono ini litoe sukari zaidi ili uamke na nguvu. Kwa mtu mwenye afya, kongosho linaliona hilo na kuongeza insulini kidogo, mambo yanatulia. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini limekuwa kiziwi kwa insulini, seli za beta zimechoka, na za alfa zinaendelea kutoa glukagoni kana kwamba mtu ana njaa. Ini linamwaga. Mama anaamka na 11.2, na binti anamsingizia chapati.

Ndiyo maana zile tembe za metformini, ambazo wengi hapa mnazo kwenye mkoba, tunapenda kuanza nazo. Kazi yake kubwa ni kulipunguza ini kasi ya kutengeneza sukari. Mtu anaponiambia, "Leo sikumeza kwa sababu sikula kitu kitamu," ninajua hajaelezwa dawa yake inafanya kazi wapi. Kosa hilo si lake.

Tuje kwenye mafuta. Hapa ndipo insulini inaonyesha nguvu zake hasa. Insulini ikiwa juu, seli za mafuta zinahifadhi na hazitoi. Ikishuka, kimeng'enya kinachovunja mafuta kinaamka, mafuta yanaingia kwenye damu, na misuli na moyo vinayachoma. Kiasi kidogo tu cha insulini kinatosha kuyazuia mafuta yasimwagike. Sasa fikiria mtoto ambaye insulini yake imekwisha kabisa, kama ilivyo katika kisukari cha aina ya kwanza. Mafuta yanatoka bila kizuizi, ini linayageuza kuwa ketoni, damu inakuwa na asidi, na mtoto anakonda huku anakula.

Kabla ya 1922 mtoto wa namna hiyo alikuwa anasubiri kufa. Dawa pekee ilikuwa kumnyima chakula ili asogeze siku. Mwezi Januari mwaka huo, katika Hospitali Kuu ya Toronto, kulikuwa na mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, uzito wake kama kilo 30. Tarehe 11 alidungwa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye kongosho la ng'ombe, kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Haikusaidia sana, ilikuwa na uchafu, ikamwachia jipu. Mwenzao James Collip akaisafisha upya, na tarehe 23 wakamdunga tena. Sukari ikashuka, ketoni zikaisha kwenye mkojo. Aliishi miaka 13 zaidi. Haki ya uvumbuzi ikauzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mvumbuzi. Siku tunayoiadhimisha, tarehe 14 Novemba, ni siku aliyozaliwa Banting. Niseme jambo moja hapa kisha niendelee: dawa iliyouzwa kwa dola 1, zaidi ya miaka 100 baadaye, bado kuna watu katika jiji hili wanaipunja dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Wenye mamlaka mlio humu ukumbini mmenisikia.

Insulini pia inaleta lawama nyingine. Mtu anaanza sindano, baada ya miezi michache anaongeza kilo, anasema dawa ni mbaya, anaacha. Kweli anaongeza. Sukari iliyokuwa ikipotea kwenye mkojo sasa inabaki mwilini, na insulini inahifadhi, ndiyo kazi yake. Mwambie daktari wako, dozi na chakula vipangwe upya. Usiiache kimyakimya.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye hili suala la unene, kwa sababu hapa ndipo maneno yetu yanapouma. Kijijini ukirudi Desemba unaambiwa "umenona" ni sifa, mjini neno hilohilo mtu anarushiwa ndani ya matatu ili asogee. Na wote tunaamini mnene ni mtu asiyejizuia.

Mwaka 1994, jijini New York, Jeffrey Friedman na wenzake walipata jeni, yaani chembe ya urithi, iliyoharibika katika panya fulani wanene kupita kiasi ambao walijulikana tangu miaka ya 1940. Jeni hiyo ndiyo inayotengeneza homoni iitwayo leptini, na leptini inatoka kwenye mafuta yenyewe. Mafuta yakiwa mengi, leptini ni nyingi, inaenda kwenye ubongo kusema: akiba ipo, punguza kula. Panya wale hawakuwa nayo, ubongo wao ulidhani wanakufa njaa. Mwaka 1997 Uingereza wakapatikana watoto wawili wa ukoo mmoja wenye hitilafu hiyohiyo. Watoto wa namna hiyo wakipewa leptini kwa sindano, njaa inatulia na kilo zinashuka. Dunia ikashangilia kwamba dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo wao hausikii tena vizuri. Kuwaongezea hakukusaidia kitu cha maana.

Kinyume chake ni grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999. Inatoka tumboni, inapanda kabla ya saa zako za kula, ndiyo maana saa saba mchana ikifika unaanza kuuliza mama wa githeri yuko wapi.

Mnaopunguza uzito mnisikilize hapa. Watafiti wa Melbourne, Australia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2011, waliwapunguzia watu chakula sana kwa wiki 10. Kilo zikashuka. Leptini ikashuka nayo, grelini ikapanda. Waliwapima tena baada ya mwaka mzima, na homoni bado hazijarudi zilikokuwa. Watu wale walikuwa na njaa kuliko kabla ya kuanza, mwaka mmoja baadaye! Kwa hiyo yule jirani yako aliyepungua kilo 12 mwezi wa Machi akazirudisha kufikia Desemba, usimwambie hana msimamo. Amekuwa akishindana na mwili unaotaka kurudishiwa akiba yake. Ajabu ni kwamba kuna wanaoshinda.

Na tusisahau usingizi. Chicago, mwaka 2004, vijana 12 wenye afya waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku, kwa siku 2. Leptini ikapungua kwa asilimia 18, grelini ikaongezeka kwa asilimia 28, na hamu yao ikaelekea zaidi kwenye vyakula vya wanga na vitamu. Ni watu wachache na ni usiku mbili, siwezi kuwajengea ghorofa juu ya hilo. Lakini mlinzi anayelinda geti Industrial Area usiku kucha, kondakta anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku, wanalijua bila kupimwa.

Kotisoli tumeshaitaja. Ikikaa juu kwa muda mrefu, sukari inapanda na mafuta yanahamia tumboni. Ipo inayotoka mwilini na ipo ya dukani. Prednisoloni ya pumu ni ya jamii hiyo, usiiache ghafla, ila ukiwa na kisukari mwambie anayekuandikia. Na kuna baadhi ya krimu za kujichubua zenye steroidi kali, dawa za jamii hiyohiyo ya kotisoli. Ukizipaka mwili mzima kwa miezi, zinaingia kwenye damu. Dada zangu, na kaka zangu pia maana nawajua, tafadhalini.

Kitambi kina uzito wake hata kama mizani haikitaji. Mafuta yanayozunguka ini na matumbo yanachangia usugu wa insulini, yaani ule ukiziwi wa mwili kwa insulini, kuliko yale ya mapajani, na akina mama wakikoma hedhi, homoni ya kike ya estrojeni ikipungua, mafuta huanza kuhamia kiunoni hata kama hawajabadili sahani. Kwa hiyo futi ya fundi cherehani ni kipimo kizuri, pengine kuliko mizani.

Haya, sindano. Ile GLP-1 ya matumbo mwilini haidumu, inavunjwa kwa dakika 2 hivi. Watafiti walikuta katika mate ya mjusi wa jangwani anayeitwa Gila, anayeishi Marekani na Meksiko, kitu kinachofanana nayo lakini kinachodumu. Dawa ya kwanza iliyotokana na hicho iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Kisha zikaja za kudungwa mara moja kwa wiki, kama semaglutidi. Zinaongeza insulini pale tu sukari ikiwa juu, zinashusha glukagoni, zinachelewesha chakula tumboni, na zinapunguza hamu ya kula. Zinafanya kazi, sitawadanganya. Lakini katika utafiti mkubwa, watu walioziacha walirudisha kama theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka. Kwa hayo niliyowaeleza kuhusu leptini na grelini, hamshangai. Ni dawa ya kuendelea nayo chini ya daktari. Ukiuziwa na mtu wa simu, anakuletea kwa pikipiki ikiwa imekaa juani, bila sanduku lenye barafu, hujui unadungwa nini.

Kitu kisicholipiwa kipo. Misuli inapofanya kazi inachukua sukari bila kungoja insulini. Ukimaliza kula, kabla ya kukaa kwenye kochi, tembea dakika 15, zunguka nyumba za Kaloleni mara mbili, salimia watu. Kwa mtu mwenye usugu wa insulini hiyo ni nafuu ya papo hapo.

Nimalizie na tahadhari, maana najua wapo watakaotoka hapa wakidhani dawa ya sukari ya asubuhi ni kulala njaa. Ukiwa unameza glibenklamaidi au unadungwa insulini, usiruke chakula cha usiku. Glibenklamaidi inalilazimisha kongosho litoe insulini hata kama hujala. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi, kuongea maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida, unywe, upimwe baada ya dakika 15. Waislamu wa Majengo na Eastleigh, mwoneni daktari kabla ya Ramadhani, si katikati yake. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kwa sababu anatapika na hawezi kula. Mwili ukiwa mgonjwa unatoa kotisoli na adrenalini, sukari inapanda hata tumbo likiwa tupu.

La mwisho ni la watoto. Mtoto anayekunywa maji kupita kawaida, anayekojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, anayekonda, halafu siku moja anatapika na kupumua kwa kasi, msikubali apewe dawa ya malaria arudishwe nyumbani bila kuchomwa kidole. Semeni hivi: "Mpimeni sukari." Inachukua sekunde chache, na kila zahanati inapaswa kuwa na mashine.

Sasa maswali. Mama wa leso nyekundu, mkono wako uko juu tangu nilipotaja chapati.